Hatua Nne Kutoka Choo cha Okeyo

Nilipima ardhi kandokando ya ziwa hili kwa miaka thelathini na minne, kuanzia nilipokuwa kijana mwembamba wa kuvuta mnyororo hadi nilipostaafu nikiwa na mvi na goti lisilokunjika vizuri. Vigingi nilivyopigilia katika muda huo sikuvihesabu. Kimoja tu ndicho ninachokiona bado nikifumba macho, nacho ni kile nilichokipigilia mahali pasipo pake, mbele ya mjane aliyekuwa akinieleza kwa upole kabisa kwamba namnyang'anya nyumba.

Nawaandikia ninyi vijana mnaotaka kujua habari za vijiji vyenu. Huwasikia Jumapili baada ya ibada hapa Nyamasaria mkiulizana ni nani aliyetangulia kufika wapi, na nani alimpa nani shamba, na kila jibu huanza kwa "inasemekana". Neno hilo sikulipenda nikiwa kazini na sijalipenda tangu nistaafu. Inasemekana na nani? Alikuwepo? Alisimama upande gani? Mkiuliza maswali hayo matatu mtapungukiwa na marafiki, lakini mtabaki na historia fupi inayoweza kutegemewa.

Aliyenifundisha kuyauliza ni Bwana Zablon, mkuu wa kikosi chetu, mtu mfupi aliyevaa kaptura na soksi ndefu hata siku za matope. Kila ukurasa wa daftari lake aliugawa kwa mstari wa wima. Upande wa kushoto aliandika yale ambayo shahidi aliyaona. Upande wa kulia, yale aliyoambiwa. Mzee wa kijiji alipotoa maelezo marefu kuhusu mpaka wake, Bwana Zablon alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, kisha akamwuliza, "Sasa Baba, katika hayo yote, wewe mwenyewe uliona lipi?" Mara nyingi upande wa kulia ulijaa hadi pambizoni, na upande wa kushoto ukabaki na neno moja tu: jiwe.

Siku hizo tulipima kwa mnyororo wa chuma wenye pingili mia moja. Mtu wa mbele aliuvuta hadi ukanyooka, akachomeka kijiti cha chuma chenye kitambaa chekundu mwishoni mwake, kisha akaendelea mbele. Mtu wa nyuma alikiokota kijiti alipokifikia. Vijiti vilikuwa kumi, kwa hiyo mtu wa nyuma alipokuwa navyo vyote mkononi tulijua tumekwenda minyororo kumi. Ni hesabu ambayo mtoto anaiweza, mradi asipoteze kijiti. Mimi nilikuwa mtu wa nyuma siku tulipopima ukingo wa soko la Katito, na jioni soko likatoka fupi kwa mnyororo mmoja mzima. Bwana Zablon hakunifokea. Alinirudisha tu tufuate njia ile ile, polepole, hadi tukafika kwa mama aliyekuwa akikaanga ngege kando ya njia. Kijiti chetu kilikuwa mkononi mwake, kitambaa chekundu na vyote, akigeuzia samaki.

"Mama," nikasema, "hicho ni kifaa cha Serikali."

"Basi leo Serikali imenisaidia," akanijibu bila kuinua macho. "Ngoja huyu aive upande wa pili."

Bwana Zablon alingoja samaki akaiva, akamnunua, akamla, akakipangusa kijiti kwa karatasi, kisha akaniamuru nilipime soko lote upya. Kutoka siku hiyo nilihesabu vijiti kwa sauti, na wenzangu walinicheka kwa miaka mingi.

Baada ya mnyororo ilikuja tepu ya chuma, baada ya tepu vikaja vyombo vya kupimia pembe kwa lenzi, na mwishoni tukapewa kifaa kidogo kinachopokea mawimbi ya setilaiti. Sikidharau kifaa hicho. Kinakuambia umesimama wapi duniani, tena kwa usahihi wa kutisha. Hakikuambii umesimama kwenye shamba la nani. Na ramani za huku kwetu, ambazo nyingi zilichorwa kwa kufuatisha picha zilizopigwa kutoka angani, mstari wake wa wino ukiuleta chini una upana wa hatua nzima, na pembe nyingine zilijazwa kwa mkono na mtu aliyekuwa na haraka. Ndiyo maana tulifundishwa kwamba ramani inaelekeza, lakini ua ndio unaoamua. Ukikuta ua wa zamani, huo ndio mpaka. Kanuni hiyo ni njema, nami niliitumia vibaya.

Bwana Zablon alipostaafu aliniachia ufito wa chuma wenye urefu wa mtu mzima, uliochongwa ncha. Yeye aliutumia kukisoma kijiji kilichohamwa. Unauchomeka ardhini na kusikiliza kwa kiganja. Njia ya zamani ya miguu ni ngumu kama sahani hata majani yakiwa yameota juu yake. Zizi la ng'ombe huumeza ufito, na ukiuchomoa unatoka mweusi ukiwa na harufu ya samadi hata kama ng'ombe wa mwisho aliondoka kabla hujazaliwa. Jiko huacha majivu na udongo mwekundu ulioiva kama tofali. Saruji hurudisha mlio mkavu; jiwe hurudisha mlio mzito. Na kwa kuwa sisi Wajaluo tuna utaratibu wa boma, ukipata kitu kimoja unajua mahali pa kutafuta vingine: nyumba ya mke wa kwanza hutazama lango, nyumba za vijana huwa karibu na lango, na mwenye boma huzikwa upande wa kulia wa nyumba hiyo ya kwanza. Boma ni ukurasa. Anayejua mpangilio wake anaweza kuusoma hata ukiwa umechanika.

Kitu kimoja sikutaka kukigusa kabisa. Kwenye mwezi wangu wa kwanza kazini nilikata tawi la mnyaa, ule mti wa ua wenye vijiti vya kijani usio na majani, ambao tunauita ojuok, na utomvu wake mweupe ukanirukia machoni. Aliyewahi kupatwa na utomvu huo hahitaji maelezo, na asiyewahi nisimtishe. Walinimwagia maji ya mtungi mzima. Mama mmoja aliyekuwa akinyonyesha alijitolea kunitibu kwa dawa aliyokuwa nayo tayari, nami nikakataa kwa heshima. Nilikaa siku mbili na kitambaa kibichi usoni. Toka hapo niliuandika ojuok kwenye daftari mara maelfu, lakini nikiwa mbali nao kwa urefu wa fimbo.

Sasa nifike kwenye kile kigingi.

Mnakumbuka ziwa lilivyopanda likaingia mashambani na majumbani. Kuna kijiji kimoja cha ufuoni, mwendo wa baiskeli kutoka Katito, ambacho kilikaa majini zaidi ya miaka miwili. Jina lake naliacha kwa kuwa majirani nitakaowataja bado ni majirani. Watu walitawanyika kwa jamaa zao. Mama Dorsila, mjane wa marehemu Okeyo, alikwenda kwa binti yake huko Manyatta akawa anauza omena mlangoni. Maji yalipoanza kurudi, yalirudi kwa vituo, mwaka mzima ukapita kabla watu hawajathubutu kuyafuata. Walichokikuta ni tope lililokauka, mafunjo, na magugu ya ziwani yaliyosinyaa. Hakukuwa na nyumba wala mti. Mtu aliyezaliwa pale alisimama akigeuka kama mgeni aliyeshuka kituo kisicho chake.

Kanisa lao lilikusanya mabati na nguzo kwa ajili ya kila familia iliyopoteza nyumba, kwa sharti moja: fundi hatachimba shimo la nguzo hadi mpimaji athibitishe vigingi, kwa kuwa katika kijiji jirani nyumba ilijengwa kwenye shamba la mtu mwingine ikazua ugomvi. Lori lilikuwa lije Alhamisi. Mimi nilifika Jumatatu.

Shamba la Mama Dorsila lilikuwa upande wa ziwa, na la Mzee Ondiek lilikuwa juu yake, upande wa barabara. Mzee Ondiek alikuwa mkali wa maneno lakini hakuwa mwizi, na naomba mlishike hilo. Yeye ndiye aliyetangulia kurudi, na katika tope lote lile alikuta kitu kimoja cha kijani: mstari wa ojuok uliofika kiunoni, umepita kati ya mashamba yale mawili kama uliochorwa.

"Japim," akaniambia, yaani mpimaji, "hii ua ni ya babu yangu. Maji imechukua kila kitu, ikaogopa hii."

Niliwaita wazee watatu kando, mmoja mmoja, kama nilivyofundishwa. Uliuona ua huu mwenyewe? Niliuona. Kwa macho yako? Kwa haya macho. Wote watatu nikawaandika upande wa kushoto. Katika miaka yangu yote sikuwahi kuwa na ukurasa wenye upande wa kushoto uliojaa vile, na nakiri kwamba niliutazama kwa kiburi kidogo. Kisha nikaiweka ramani juu ya ua. Haikukaa sawasawa. Pembe ya uwanja wa shule ilikuwa imesogea kwa hatua zaidi ya ishirini, na ua ulijipinda kidogo mahali ramani inaponyooka. Nikasema moyoni kwamba ramani ni ya zamani, na kwamba babu wa Mzee Ondiek hakupanda kwa uzi. Nikapigilia kigingi.

"Japim, samahani," akasema Mama Dorsila. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye leso mbili na mwavuli wa mwanamume. "Nyumba yangu iko nyuma ya hiyo ua. Umeipeleka kwa Ondiek."

"Mama, nani mwingine aliyeiona nyumba yako mahali hapo?"

"Kijiji yote."

"Kijiji chote kinasema ua huu ni wa babu yake Mzee Ondiek."

"Kijiji yote imerudi juzi," akasema. "Imeona kitu ya kijani, ikafurahi."

Mzee Ondiek aliingilia. "Nyar Katito," akasema, akimwita kwa kwao alikozaliwa, "maji ilikuchanganya. Hata mimi siku ya kwanza nilitafuta mlango yangu kwa shamba ya kanisa."

"Mimi sijachanganyikiwa. Nimepika hapo miaka thelathini. Miguu yangu inajua."

Nilimweleza kwamba sina safu ya miguu katika daftari langu. Nilidhani nimesema jambo la busara. Aliondoka, akarudi na beseni, akaligeuza juu chini hatua kadhaa nyuma ya ua, upande wa Mzee Ondiek, akakaa juu yake na kufungua mwavuli.

"Unafanya nini hapo, Mama?"

"Niko jikoni."

Alikaa pale Jumatatu hadi jua lilipotua, na Jumanne asubuhi nilimkuta tayari ameketi. Hakupiga kelele wala hakumtukana mtu. Alikuja na chupa ya chai na vikombe vinne vya plastiki, na saa nne akatumiminia sote, mimi na Mzee Ondiek tukiwemo, kama mwenyeji anayepokea wageni nyumbani kwake. Tulikunywa tukiwa tumesimama. Sijawahi kunywa chai ngumu kumeza kama ile. Mnaelewa mambo yalivyokuwa: vigingi vyangu vikibaki, nyumba ya Alhamisi ingejengwa kwenye ukanda mwembamba wa majimaji uliobaki chini, nje ya boma alilolianzisha mumewe, na kaburi la Okeyo, lililokuwa chini ya tope mahali fulani nyuma ya ule ua, lingekuwa shambani kwa jirani. Kwa desturi zetu mjane hurudi kwenye boma la mumewe. Mimi nilikuwa nimelihamisha boma hilo kwa nyundo.

Nilimwazima jioni ile ufito wa Bwana Zablon, zaidi kwa adabu kuliko kwa imani. Mama na mpwa wake walidunga hadi giza likaingia. Tope lilikuwa na kina kuliko urefu wa mkono, na walipata tope tu.

Jumatano asubuhi nilikwenda kufunga vipimo upande wa juu, hatua ishirini hivi kutoka kwenye ua, ndani kabisa ya kile nilichokwisha kukiandika kuwa shamba la Mzee Ondiek. Yeye alishika mwanzo wa tepu kwenye kigingi. Mimi nilishika kasha la tepu nikawa naivuta nikirudi nyuma. Kila mpimaji huambiwa siku ya kwanza kwamba hatembei kinyumenyume akitazama tepu. Nami nimewaambia wengine hivyo mara nyingi. Nilikuwa nikisoma tarakimu, nikakanyaga zulia la magugu makavu, nikasikia ardhi ikipumua, na nilichokiona baada ya hapo ni viatu vya Mzee Ondiek vikija mbio usawa wa pua yangu.

Nilikuwa nimezama hadi kifuani katika tope jororo. Sikuumia. Daftari nililiinua juu, na hilo najivunia.

Mzee Ondiek alifika ukingoni, akaniona, akatafuta kwa bidii uso wa huzuni, akaukosa. Alicheka hadi akashika magoti.

"Nilimwambia Okeyo," akasema alipopata pumzi. "Mungu ni shahidi, nilimwambia huyo mtu hii choo yake siku moja itameza mgeni."

Mama Dorsila alikuwa ameinuka kutoka kwenye beseni. Alikuja polepole, mwavuli begani, akasimama upande wa pili wa shimo, akainama kutazama ndani.

"Ni yenyewe," akasema. "Iko na matofali kwa mdomo. Okeyo alijenga mwenyewe."

Nilipapasa. Matofali yalikuwepo, safu mbili, yamepangwa kwa duara. Ningeweza kuomba kutolewa kwanza. Lakini mtu akishafanya kazi moja miaka mingi hiyo, swali humtoka kabla ya haja yake mwenyewe.

"Mzee Ondiek," nikasema kutoka chini, "wewe uliwahi kukiona choo hiki kikiwa kimesimama?"

"Kuona? Nimenusa miaka kumi na mbili. Nilimshtaki kwa naibu wa chifu juu yake."

"Ulimshtaki kwa sababu gani?"

"Alichimba karibu sana na ua yangu. Hatua nne. Nilipima na miguu yangu mbele ya naibu wa chifu na watu wote. Nne, sio tano. Okeyo alisema tano, akashindwa."

"Hatua nne kuelekea upande upi?"

Mzee Ondiek aliinua mkono kwa hasira yote ya ile kesi ya zamani, akaonyesha upande wa barabara, juu, mbali na ziwa. Mkono ukabaki hewani. Aliutazama kama mkono wa mtu mwingine. Kisha akageuka akautazama ule ua wa kijani uliokuwa kule chini, upande usiofaa kabisa.

"Huyo Okeyo," akasema mwishowe, taratibu, akiushusha mkono. "Hata amekufa bado tunakuwa na kesi ya choo."

"Na bado unashinda," akasema Mama Dorsila. "Nne, sio tano."

Walinivuta kwa fimbo yetu ya kupimia, ya rangi nyekundu na nyeupe, wao wawili, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwamba havuti.

Nilioga ziwani nikiwa na nguo zangu. Kisha tukafanya kazi inavyotakiwa, kwa kuwa sikukubali hata ushuhuda uliotolewa juu ya kichwa changu nikiwa shimoni usimame peke yake. Mzee Ondiek alihesabu hatua zake nne kutoka kwenye matofali, akasimama, nami nikachomeka ufito. Pigo la pili lilileta kitu laini chenye nyuzi. Tulichimba. Kilikuwa kisiki cha ojuok kilichooza, kinene kama paja langu. Hatua moja kando kulikuwa na kingine, na kingine, vimejipanga mstari mnyoofu kuelekea kule ramani ilikosema tangu mwanzo. Babu wa Mzee Ondiek alikuwa amepanda kwa uzi. Nilimwomba radhi kimoyomoyo.

Ikabaki kuujua ule ua wa kijani ulikuwa wa nani. Nilichukua panga na kwenda kuufanyia nilichopaswa kuufanyia Jumatatu. Nilifumba jicho moja, nikageuza uso, nikaukata karibu na ardhi. Shina lilikuwa nene kama kidole gumba. Ua wa babu hauwezi kuwa na shina la kidole gumba. Nilipong'oa, shina lilikuwa limelala ubavu, na mizizi yake ilikuwa imekumbatia kipande cha wavu, kifuniko cha chupa na magugu ya ziwani. Mnajua tabia ya ojuok: tawi lililovunjika likiangukia unyevu huota. Ziwa liliwavunjia watu nyua zao, likabeba matawi, na lilipotulia kwa muda katika kurudi kwake likayaweka yote ukingoni, mstari mmoja, kama linavyoweka povu. Ua ule ulipandwa na mawimbi. Ndiyo sababu ulijipinda.

Wale wazee watatu hawakusema uongo. Waliuona ua, tena kwa macho yao. Waliuona wiki ile ile. Mimi ndiye niliyekuwa na maswali matatu na nikakosa la nne: lini? Na Bwana Zablon angelikata lile shina kabla hata ya kunywa chai, kwa sababu yeye hakuogopa utomvu.

Kutoka kwenye ua wa kweli kulisoma boma kulikuwa rahisi. Kaburi la Okeyo lililia mlio mkavu wa saruji pale pale desturi ilipotaka liwe. Kutoka hapo tukaujua upande wa nyumba, na kutoka kwenye nyumba tukayafuata mafiga. Tuliyakuta matatu, kwenye udongo mwekundu ulioiva, hatua tatu tu kutoka kwenye lile beseni. Mama Dorsila alikuwa amekosea kwa hatua tatu. Mimi, na ramani, na setilaiti, na daftari lenye safu mbili, nilikosea kwa ishirini na sita.

"Tatu si kitu," nikamwambia.

"Niliweka beseni mahali kuna kivuli," akanijibu.

Siku hiyo aling'oa kile kigingi changu yeye mwenyewe, nilimpa nyundo. Katika daftari nilipiga mstari mmoja juu ya maneno ya Jumatatu, mstari mwembamba, ili kosa liendelee kusomeka, nikatia sahihi kando yake. Sikufuta. Vijana, mkikosea katika kazi yoyote ya kuandika ukweli, fanyeni hivyo hivyo. Anayekuja nyuma yenu ana haki ya kuona mlipopotelea. Chini yake niliandika mpaka mpya na chanzo chake: choo cha Okeyo, shimo, limethibitishwa na mpimaji mwenyewe. Mkuu wangu wa ofisi alisoma, akaniita, akaniuliza kama nina hakika na neno "mwenyewe". Nikamwambia sijawahi kuwa na hakika zaidi.

Lori lilifika Alhamisi, limechelewa. Mafundi walichimba shimo la kwanza la nguzo saa tisa, nyumba ikilitazama lango la zamani la boma. Mzee Ondiek alishinda hapo akiwakosoa mafundi kana kwamba nyumba ni yake. Na walipofika kwenye kuchagua mahali pa choo kipya, aliwaamuru wasimame, akaenda kwenye mstari wa visiki, akaanza kuhesabu kwa sauti kuelekea upande wa ziwa. Alifika kumi na mbili kabla Mama Dorsila hajamwuliza kama anataka kikachimbwe ziwani.

Shimo la zamani walilijaza udongo, na mama akapanda migomba mdomoni mwake, ndani ya duara la matofali ya marehemu mumewe. Kila msimu hunitumia mkungu mmoja kwa mtu yeyote anayepita Nyamasaria. Wenzangu wa kanisani huambiana kwamba hakuna ndizi tamu kama zile za migomba iliyopandwa mahali pa namna hiyo, na huapa, ingawa nikiwauliza ni nani kati yao aliyewahi kuzionja, hunyamaza.

Mimi nimezionja. Ni kweli, na mwaweza kuniandika upande wa kushoto.